Paka Niliowahesabu

Utotoni mwangu, nyumbani kwetu Langas, kitu chenye macho hakikuhesabiwa. Vibiriti vya dukani tulivihesabu, vipande vya sabuni tulivihesabu, na mimi nilisifiwa kwa kuvihesabu haraka kuliko Baba. Lakini kuku, mbuzi, watoto na wageni walioketi sebuleni hawakuguswa na namba. Shosho alikuwa amekataza. Jioni alipowafungia kuku alisimama mlangoni pa banda akawataja kwa sura zao: yule mwekundu, yule wa shingo tupu, yule mchokozi, yule anayechechemea. Akishawataja wote alisema, "Wapo," akafunga. Hata kumi hakupenda kuitamka. Alisema "tisa iliyojaa", kama walivyosema wazee wake huko Murang'a, kabla yeye na Baba hawajaja Eldoret kutafuta maisha.

Shosho alikuwa mama yake Baba, na jina lake ndilo langu. Sote wawili ni Wanjiru. Labda ndiyo maana alinifuatilia kuliko wajukuu wengine.

Leo mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuwafundisha kuhesabu. Tunahesabu kwa vizibo vya soda, kwa punje za mahindi, kwa vidole. Mtoto anapofika mwisho wa vidole vyake bila kukosea, uso wake unang'aa kwa namna ambayo sijawahi kuichoka. Nami humpigia makofi. Kisha, mara nyingi, namkumbuka Askari.

Askari alikuwa paka wetu. Jina alipewa na Baba kwa sababu ya kazi yake ya kulinda magunia dhidi ya panya, na alipogundua kwamba ni jike jina lilikuwa limeshamkaa. Duka letu lilikuwa la mbao na mabati, na nyuma yake kulikuwa na stoo iliyopakana na jikoni. Agosti moja, nikiwa na miaka tisa, shule zikiwa zimefungwa na mvua ikinyesha kila alasiri, Askari alipotea siku nzima. Nilimtafuta mpaka nikasikia sauti nyembamba nyuma ya magunia ya unga, penye ule ukuta unaopata joto la jiko. Nikaingiza kichwa.

Alikuwa amelalia gunia kuukuu, na tumboni pake kulikuwa na vitu vilivyojikunja, vyenye unyevu, vikisukumana. Mmoja wa milia kama yeye. Mmoja mwenye tumbo jeupe. Weusi wawili waliofanana kabisa. Na kimoja kidogo cha rangi ya manjano, kimebanwa chini ya wenzake. Hadi hapo sikuwa na kosa, kwa maana nilikuwa nimewataja kama Shosho anavyowataja kuku. Lakini nilikuwa mtoto anayependa namba. Nilinyoosha kidole.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano!" Nikakimbia dukani. "Baba! Askari amezaa watano!"

Baba alikuwa akimpimia mteja sukari, hakuinua macho. Aliyegeuka ni Shosho, aliyekuwa ameketi mlangoni akipepeta maharagwe. Ungo ulisimama hewani.

"Umesema nini?"

"Nimesema Askari amezaa."

"Umesema na kingine."

Nje ya duka letu aliketi Mama Nafula, aliyeuza sukuma wiki na nyanya. Alikuwa mtu wa kutoka Bungoma, mcheshi, na hakuwa na subira na miiko yetu. "Mwache mtoto, Shosho," akasema. "Amefundishwa hesabu shuleni, sasa azifanyie wapi?"

"Azifanyie kwa mawe."

"Na mayai je? Mnayauza kwa trei hapa kila siku. Mnayajuaje bila kuhesabu?"

"Mayai hayana macho."

"Hata hao paka hawajafungua macho, Shosho!" nikadakia, nikidhani nimepata mlango wa kutokea.

Mama Nafula alicheka mpaka leso ikamdondoka kichwani. Shosho hakucheka. Aliweka ungo chini akaniangalia kwa muda mrefu, si kwa hasira.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, mami," akasema. "Unamhesabuje mtu ambaye bado hawezi kukuona?"

Hakuniambia watakufa. Watu wakisikia kisa hiki hudhani alinitisha, lakini hakunitisha. Alirudi kupepeta, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonipeleka nyuma ya duka kuwaza.

Niliwaza kama mtoto, yaani kwa mpangilio mzuri kabisa kutoka mahali pasipo sahihi. Kama kuna aliyesikia nikisema watano, basi akija kuwatafuta watano asiwakute. Akikuta wanne, atajua nilisema uongo, ataondoka. Kwa hiyo nilihitaji kumficha mmoja, si kwa muda mrefu, mpaka wafungue macho tu. Nilimchagua yule wa milia kwa sababu alikuwa mkubwa kuliko wote na nilimwona angeweza kuvumilia. Nilichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikatandika kitambaa, nikamweka ndani, nikaupeleka mkebe chini ya upenu, kwenye saruji, nyuma ya pipa la maji. Alilia. Mvua ilianza kupiga mabati na sauti yake ikazama humo. Nikaenda kula githeri.

Nilimkuta asubuhi. Kitambaa kilikuwa kikavu, nilihakikisha hilo mara mbili, lakini yeye alikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Mdomo ulifunguka na kufunga bila sauti. Nilimficha ndani ya mikono, nikakimbia naye kwa mama yake nikamlaza kwenye chuchu. Askari alimnusa. Kisha akamsukuma kando kwa pua, taratibu, kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake. Nilimrudisha. Akamsukuma tena. Mara tatu. Saa za chakula cha mchana alikuwa amekufa, na mimi nilikuwa nimeelewa: hata mama yake alijua huyu ndiye niliyeanza naye, ndiye moja.

Sikumwambia mtu habari ya mkebe. Niliuosha nikaurudisha jikoni.

Shosho alipomwona maiti kando ya ukuta alisimama, mkono kiunoni. "Imeanza," akasema.

Baada ya hapo niliacha kucheza na wenzangu. Nilishinda stoo, na nadhani kushinda kwangu ndiko kulikomsumbua Askari, kwa maana aliondoka mara kwa mara na kukaa juu ya paa, akirudi kwa muda mfupi tu. Yule mwenye tumbo jeupe alilia sana. Nikamwonea huruma. Nilichukua maziwa ya ng'ombe, nikamlaza chali mkononi kama nilivyoona watoto wakilazwa, nikamtilia kwa kijiko. Alimeza kidogo. Mengine yakamtoka puani, na povu. Alikoroma siku mbili, ubavu ukiingia na kutoka kwa kasi ambayo sikuweza kuihesabu hata kama ningethubutu. Siku ya tatu hakukoroma.

Wale weusi walijaa viroboto. Shosho, ambaye kwa imani yake hawa walikuwa wameshakwenda, aliketi na mmoja mapajani akimtoa viroboto kwa kucha, akiwaponda juu ya ukucha wa gumba, mmoja baada ya mwingine, asubuhi nzima. Alipowafungua midomo aliniita nione. Ufizi wao ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Shosho, kwa nini unawatoa viroboto na watakufa?"

"Kwa sababu wanawashwa."

Nimefundishwa mambo mengi tangu siku hiyo, na vyuoni nimesikia maneno mazuri juu ya huruma. Sijasikia lililozidi hilo. Weusi wale walikufa siku moja, mmoja kabla ya chai ya saa nne, mwingine baada yake.

Akabaki wa manjano.

Wakati huo nilikuwa nimejiwekea kesi yangu mwenyewe. Kama huyu angepona, basi namba haikuua, na wenzake walikufa kwa mambo yao. Kama angekufa, nimewaua wote. Sikuomba kitu kingine. Nilimtia ndani ya sweta yangu ya shule, kwenye ngozi ya tumbo, nikafunga mshipi juu ya sweta asianguke, na nikazunguka naye hivyo. Kila Askari aliposhuka kutoka paani nilimpeleka anyonye, nikageuza uso nisiwaone. Nilikula kwa mkono mmoja. Mama Nafula aliniona nikipita akasema, "Kasichana, tumbo hilo ni la miezi mingapi?" Nikaanza kulia palepale mbele ya wateja wake, naye akajuta, akanipa nyanya.

Macho ya yule mdogo yalikuwa yamevimba na kugandana. Shosho alichemsha maji ya chumvi, akayapooza, akawa anayafuta macho hayo kwa pamba asubuhi na jioni. Siku ya kumi, au karibu na hapo, jicho la kushoto lilifunguka. Lilikuwa la bluu chafu, kama maji ya kuoshea vyombo.

"Shosho! Ameniona!"

"Ameona sweta," akasema. Lakini alitabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ungo nililala usingizi mzito.

Kesho yake hakutaka kunyonya. Siku iliyofuata nilikuwa nimesimama kaunta, Baba akiwa ameenda kununua mali mjini, mteja akataka kibiriti. Niligeuka kukichukua rafuni. Nilihisi makucha yake madogo yakinishika ngozi, halafu nikahisi yameacha. Nilimpa mteja kibiriti chake. Nikamrudishia chenji. Alipoondoka ndipo nilipofungua mshipi. Jicho moja lilikuwa wazi, na lile la kulia halikuwahi kufunguka.

Tulimzika nyuma ya choo, kando ya nyasi za ng'ombe, pale walipolala wenzake. Shosho alichimba kwa jembe la mpini mfupi. Nilikuwa nikilia kwa sauti, nikirudia maneno yaleyale: ni mimi, ni mimi. Alifukia, akakanyaga udongo, akaketi juu ya jiwe akanivuta kwake.

"Nikuambie," akasema. "Mimi nilikuwa na watoto kabla ya baba yako."

Sikuwa nimewahi kusikia hilo. Kwa sisi wote Baba alikuwa kifungua mimba.

"Wakati ule wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, tulitolewa shambani, tukakusanywa kijiji kimoja, kina handaki kuzunguka na lango moja. Asubuhi tulipangwa mistari langoni, mwenye kitabu akapita. Kila asubuhi. Akanifikia. Mama, una watoto wangapi? Mama yangu alikuwa ameniambia, sema wapo. Sema wapo tu. Lakini niliogopa ile bunduki." Alifuta udongo mikononi. "Nikamwambia. Akaandika. Kabla ya mvua ile kuisha, kitabu chake kilikuwa cha uongo."

"Shosho, walikuwa wangapi?"

Lilinitoka kabla sijafikiri. Aliniangalia, nami nikajifunika mdomo kwa mikono miwili. Hakunikemea. Alisema tu, "Wawili walikuwa wachanga," nikajua hatasema zaidi. Tulikaa pale mpaka mvua ikaanza.

Nilibaki na kitu hicho kifuani kwa miaka kumi na zaidi. Darasani nilihesabu kama wengine. Nyumbani nilisema "wapo".

Kisha nikaenda chuo cha ualimu. Tulifundishwa afya ya mtoto, na siku moja mkufunzi akaeleza kwamba mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, na kwamba baridi peke yake inaweza kumwondoa. Nilishindwa kuandika. Likizo ilipofika nilipita kwa daktari mmoja wa mifugo mjini, mzee mpole, nikamweleza habari ya paka wa utotoni kana kwamba ni wa jana. Alinijibu kila swali. Kitoto cha paka, siku zake za kwanza, hakiwezi kujipasha joto. Kinategemea mwili wa mama na wa wenzake. Kikipoa hakiwezi kunyonya wala kusaga maziwa, na mama akikisikia baridi hukisukuma kando. Maziwa kinayotiliwa kikiwa chali huingia mapafuni. Viroboto wakiwa wengi humaliza damu ya kiumbe mdogo namna ile. Na yule wa mwisho, akasema, huenda alizaliwa dhaifu. Wengine hufifia tu, hata ufanye nini.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Namba haikuua! Nilipanda boda boda badala ya kutembea, ili nifike haraka, kwa maana nilijua nani mwingine alihitaji kufunguliwa.

Shosho alikuwa ameketi palepale mlangoni mwa duka, mzee sasa, akimenya njegere. Nilichuchumaa mbele yake. Nilimweleza polepole, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kueleza somo: kwanza paka, kisha watoto wachanga, kisha wale wa kwake. "Haikuwa kuhesabiwa, Shosho. Haikuwa wewe kujibu. Ilikuwa baridi. Baridi na njaa ya mahali pale."

Aliendelea kumenya. Njegere zilianguka kwenye bakuli moja moja.

"Kumbe baridi," akasema.

"Ndiyo, Shosho."

"Blanketi ilikuwa moja." Mikono yake ilisimama. "Kile kibanda kilikuwa kinatoa maji chini. Nikaikunja mara mbili, nikaiweka chini yao. Chini. Nikafikiri maji ndiyo mabaya." Aliinua macho. "Kwa hiyo ilitakiwa juu."

Sikuwa na somo la hapo. Nilisema kwamba hakuna ambaye angejua, kwamba blanketi moja isingetosha hata ingewekwa wapi, nikasema mengi, na yote yalikuwa kweli. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni, akavuta ganda jingine la njegere.

Miaka yote ile alikuwa na kosa la neno moja, alilolazimishwa kulitamka mbele ya bunduki. Mimi nikampa kosa la mikono yake mwenyewe.

Toka siku hiyo hakukataza tena kuhesabu. Watoto wa kaka yangu waliwahesabu vifaranga mbele yake, kwa sauti, wakiwanyooshea vidole, naye akawatazama tu. Niliwahi kudhani ningefurahi. Badala yake alianza kufunika. Mtoto yeyote aliyeletwa dukani mgongoni, hata Januari jua likichoma, alimwita mamaye asogee, akavuta shali mpaka kichwa cha mtoto kikapotea. "Shosho, huyo utampika!" Mama Nafula alimwambia, na sote tulicheka, na Shosho hakucheka. Alivuta shali tena kidogo. Alifanya hivyo mpaka mwaka aliotuacha.

Naendelea kuamini kwamba ni bora mtoto ajue kuliko asijue. Nisingeweza kusimama darasani bila hilo. Wala sidhani nilikosea kumwambia ukweli. Kosa langu ni jingine, na limenichukua muda mrefu kuliona.

Siku ile, alipoinua macho akaniambia habari ya blanketi, mkebe ulikuwa mdomoni mwangu. Mkebe wa mafuta, kitambaa kikavu, saruji nyuma ya pipa. Tayari nilikuwa nimeelezwa kilichomwua yule wa milia, na nilijua ni nani aliyempeleka kwenye baridi hiyo, kwa nia njema, kwa akili yake yote. Nilikuwa mtu pekee mlangoni pale aliyejua hasa alichokuwa akikisema. Ningetaja mkebe tu, basi. Asingehitaji maelezo.

Nilikuwa nimekuja kama mwalimu, nikaona aibu kuwa mwanafunzi. Nikanyamaza, nikamsaidia kumenya njegere.

Tungekuwa wawili, yeye na mimi, tuliobeba jina moja. Nilimwacha akabaki mmoja.